Safari ya Kumshusha Mama

Simu ya mdogo wangu wa kike iliingia nikiwa bado nimekaa kwenye mswala, sala ya alfajiri imekwisha nami sijainuka. Kuinuka kwangu siku hizi si jambo la kukurupuka. Kwanza nashika ukuta, halafu napapasa mguu wa kushoto kuhakikisha mfuko umekaa mahali pake, ndipo nasimama. Nilipoona jina lake kwenye kioo cha simu nikajua. Mimi nauza mabati na misumari hapa Kibondo, na hakuna mtu anayempigia muuza mabati alfajiri kumuuliza bei.

"Kaka," akasema, "mama ametutoka."

Nikasema yale yanayosemwa. Kisha akasema kwamba Kasulu wameshakubaliana, maziko ni baada ya alasiri, ila bila mimi hazikwi mtu. Hakuwa akinipa heshima ya mtoto mkubwa. Alikuwa akinikumbusha kazi yangu.

Mama alikuwa mtu wa stara kupita kiasi. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Kasulu na baba yangu aliyekuwa na duka la vitambaa, na katika miaka yote aliyoishi huku juu kwenye baridi na udongo mwekundu hakuliacha buibui lake. Binti zangu, wajukuu zake wa damu, hawakuwahi kumwona kichwa wazi. Mwaka jana alipoanza kuugua alinishika mkono akaniambia, "Mimi utanishusha wewe. Sitaki mikono ya watu." Kwetu Waislamu mwanamke anapozikwa hushushwa kaburini na mumewe au na maharimu zake, yaani wanaume wa damu yake. Baba alishatangulia, na kaka zake mama walishatangulia. Mimi Mungu amenijalia mabinti watupu, na mdogo wangu hakujaliwa mtoto. Katika ukoo mzima nilibaki mwanamume mmoja wa kumpokea mama, na mwanamume mwenyewe ana mpira wa mkojo.

Nieleze hili vizuri, maana nimelificha vya kutosha. Tezi dume iliniziba mkojo, nikapelekwa hospitali nikiwa nimejikunja, wakaniwekea mpira. Nikadhani ni wa siku chache. Daktari aliposikiliza moyo wangu akasema upasuaji hautafaa, moyo hautastahimili dawa ya usingizi, kwa hiyo nitaishi hivyo hivyo. Mpira unaingia mpaka kibofuni kwa njia ileile ambayo zamani mkojo ulijipitia wenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwisho wake wa nje umechomekwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko naufunga chini ya goti kwa kipande cha kanga ya mke wangu, kwa sababu mikanda inayokuja nao inakata ngozi. Kila mwezi narudi hospitali kubadilishiwa. Wateja dukani wanajua nina goti. Goti ni ugonjwa wa heshima, mtu anakuuliza linaendeleaje mbele ya watu nawe unajibu.

Ukiacha watu wa hospitali na sheikh wangu, waliojua ni mke wangu na mama, basi. Mke wangu kwa sababu ndiye anayenisaidia. Mama aligundua mwenyewe Idi moja nilipokwenda kumsalimia, nikakataa chai yake mara mbili kwa kuogopa safari ya kurudi. Alikasirika, akadhani namdharau. Nilipoona machozi yanamlengalenga nikamweleza yote, kichwa nimeinamisha kama mtoto aliyevunja sahani. Halafu akasema, "Winda zako za utotoni nilizifua mimi. Unaniona haya mimi?" Hatukulizungumza tena jambo hilo, lakini tangu siku hiyo kila nilipopiga simu swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekojoa vizuri. Mzee mzima nina mvi, nasimama katikati ya duka na wateja wamenizunguka, najibu, "Ndiyo, mama, vizuri."

Kusafiri na mpira ni elimu yake. Suruali haifai, inabana, nasafiri na kanzu au msuli. Nakaa kiti cha mbele ili niweze kunyoosha mguu, maana mfuko ukipanda juu kuliko kibofu mkojo unarudi ulikotoka, na maumivu yake simwombei hata anayenidai. Kwenye mkoba naweka mfuko wa akiba, sabuni, kanzu ya pili, na chupa tupu yenye mdomo mpana ya kumwagia. Gari likisimama porini watu wachimbe dawa, wote wanatawanyika vichakani, wake kwa waume, nami nabaki nimekaa peke yangu kama mlinzi wa mizigo. Safari moja kijana aliwaambia wenzake kwamba kibofu cha huyu mzee ni cha chuma. Nilijisikia fahari, na fahari ile ilinichekesha hadi tukafika.

Na siku ya safari sinywi maji. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na muuguzi anayenibadilishia mpira amelipigia kelele mpaka amechoka. Usipokunywa, anasema, mkojo unakuwa mzito na mpira unaziba. Namwitikia, tena kwa adabu, halafu nafanya ninavyotaka. Yeye hajawahi kusikia mfuko ukijaa mguuni huku gari limejaa wakwe na wateja.

Mke wangu alikuwa Mwanza kwa binti yetu aliyejifungua. Kwa hiyo asubuhi ile nilijifunga mfuko mwenyewe, nikateremka hadi stendi.

Nilipanda moja ya zile gari ndogo za abiria tunazoziita michomoko. Dereva alikuwa Muha wa Kumsenga, mtu wa adabu za kwao, na Waha kwenye salamu hawana haraka hata kama nyumba inaungua. "Mwakeye, mzee," akaniambia, nikamjibu kwa Kiha changu cha dukani. Akaniuliza watoto, akaniuliza duka, akaniuliza habari za nyumbani, na nilipomwambia nakwenda kumzika mama alizima injini kwanza akanipa pole kwa mikono miwili. Nilimpenda na nilitaka kumpiga makofi. Kiti cha mbele akanipa bila mimi kuomba.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja Mkongomani, mchuuzi wa vitenge. Alikuwa na kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi na sasa alikuwa akirudi Nyarugusu. Hatukwenda mbali akaanza kuniangalia kwenye kioo.

"Papa, unywe mayi kidogo," akasema, akinyoosha chupa.

"Ahsante, sina kiu."

"Unadanganya. Midomo yako inakauka."

Nikageuza uso dirishani. Lami ilikuwa nzuri, migomba inapita, moshi wa asubuhi umelala mabondeni, na mimi nilikuwa nahesabu kazi yangu: nifike, nioge, niingie kaburini nikiwa safi. Hilo la usafi lilikuwa limenikaa kooni. Sheikh wetu wa Kibondo alishanieleza zamani kwamba mtu wa namna yangu ana udhuru, atawadhe kila wakati wa sala unapoingia, asali, na Mungu anajua hali yake. Nilimshukuru sana. Lakini maneno ya sheikh yalikuwa kichwani na mfuko ulikuwa mguuni, una uvuguvugu, unacheza kila gari linapopita tuta. Nilijiuliza nitasimamaje katika kaburi la mama, yule mama aliyekuwa akiosha ndoo kabla ya kuosha vyombo, nikiwa nimejifunga najisi kwa kamba.

Kwenye kizuizi tukateremshwa wote. Huku kwetu mpaka uko karibu na vitambulisho huangaliwa mara kwa mara, ni jambo la kawaida. Askari alikuwa kijana mgeni wa mkoa, Kiswahili chake cha mjini, na alikuwa anafanya kazi yake. Akapapasa mifuko ya kanzu yangu, akashuka, akafika chini ya goti. Mkono wake ukasimama pale.

"Mzee, umebeba nini hapa?"

"Ni dawa," nikasema.

"Dawa gani inafungwa mguuni? Fungua."

Nikamwomba twende pembeni. Akasema hapana, hapo hapo. Basi nikapandisha kanzu kidogo kando ya barabara, jua linawaka, mfuko ukaonekana na kilichomo ndani, kidogo na cheusi kama chai ya rangi. Abiria walikuwa wamejipanga kando ya gari na hawakuwa na pa kuweka macho yao. Yule kijana alirudi nyuma hatua, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtoto wa mtu. "Nisamehe, baba yangu," akasema. Alinishusha kanzu yeye mwenyewe, akaninyoosha pindo. Afadhali angenitukana, ningejua la kufanya.

Tukarudi garini. Kisha yule mama Mkongomani akaniinamia sikioni kutoka nyuma.

"Bwana yangu alikuwaga na sonde," akasema. Sonde ndivyo wanavyouita mpira kwao. "Alikatalaka kunywa mayi. Ikazibaka. Unywe, papa."

Nikapokea chupa, nikalowesha midomo nikamrudishia. Alipoteremka kwenye njia panda ya kambini aliniachia ile chupa kwenye kiti changu. Sikumuuliza mumewe yuko wapi.

Kasulu nilikuta nyumba imejaa. Turubai limeshafungwa, wanaume wako nje, wanawake uani, na harufu ya ubani ilitoka mpaka barabarani. Mdogo wangu alinipokea mlangoni akanishikilia, akalia, nami nikalia. Walikuwa wameshamwosha mama. Niliingia nikaambiwa naweza kumwona kabla hawajamfunga uso. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, mashavu yameingia ndani. Nikambusu paji la uso. Nikamwambia kimoyomoyo, nimekuja, nitakushusha mimi.

Nilipogeuka nikayumba. Mdogo wangu aliniona, akanikalisha jikoni, akanipa uji na maji ya kunywa. Nikasema sitaki. Akanitazama kwa macho ya mama. "Ukianguka pale makaburini nani atamshusha?" akauliza. Nikanywa, na alinisimamia mpaka kikombe kikaisha, akajaza tena. Nilikuwa nimekauka kweli, maji yaliingia mwilini kama kwenye mchanga. Sikumkatalia kitu siku ile.

Kisha nikaenda bafuni kujitayarisha, na hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Yule muuguzi wa Kibondo aliwahi kunipa kizibo, kidude cha plastiki cha kuchomeka kwenye mdomo wa mpira wakati wa kubadilisha mfuko, mkojo usidondoke. Aliniambia ni cha muda mfupi tu. Nilikuwa nakitunza mkobani, nimekifunga kwenye kitambaa safi. Nikafungua mfuko, nikaumwaga, nikautoa kabisa mguuni. Nikajiosha kwa sabuni kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikachomeka kizibo, nikaukunja mpira pajani, nikavaa kanzu mpya, nikatia udhu. Nilipiga hesabu yangu: sala ni fupi, makaburi yako karibu, kumshusha ni muda wa dakika chache, nitarudi nifungue. Nilitoka bafuni sina kitu kinachoning'inia. Nilitembea kwa mwendo wangu wa zamani. Nilifurahi siku ya msiba wa mama, na sioni sababu ya kuficha.

Mimi ndiye niliyemsalia, nikiwa mbele, jeneza liko mbele yangu. Sauti haikunitetemeka. Nilipotoa salamu niliona kwamba nimeshalipa nusu ya deni.

Kule makaburini tukakuta kaburi halijawa tayari. Wachimbaji walikuwa wamefika chini wakakutana na mwamba, upande uleule wa mwanandani, ule uwazi wa ubavuni ambamo maiti hulazwa. Walikuwa wanaugonga kwa sururu, wanapokezana. Wakasema ni muda kidogo. Manyunyu yakaanza, watu wakajikinga chini ya miavuli na makoti, jeneza wakalifunika plastiki. Nami nikasimama pale penye kifusi, mfiwa mkuu, kila anayekuja ananishika mkono na kuniambia maneno marefu.

Maji ya mdogo wangu yalianza kufika.

Mwanzoni ni uzito tu. Nikajiambia, wanamaliza. Halafu uzito ukawa moto, ukapanda mgongoni. Nilitazama vichaka vya nyuma, nikaona ningeweza kwenda nikafungua kizibo nikarudi. Lakini nitarudi nikiwaje? Maji ya kujitwaharisha hakuna, udhu umekwenda, na kanzu pengine imeguswa. Kila nilipotaka kwenda, mchimbaji alisema, "Tayari kabisa sasa," na sururu ikaanza tena. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Mzee mmoja akanishika bega akasema nijikaze, mama ni mama. Nikamwitikia kwa kichwa, meno nimeyauma.

Mwishowe wakatoka. Tukaingia watatu: mimi katikati, mwadhini wa msikiti wa mtaani upande wa miguu, na upande wa kichwa muuza nyama, jirani yake mama, pande la mtu asiye na maneno mengi. Mimi peke yangu ndiye wa damu. Hao walikuwa wa kusaidia tu, wanipunguzie uzito. Juu yetu watu walitandaza shuka kubwa, wameshika pembe zote, kama inavyofanywa kwa mwanamke, ili asionekane anaposhushwa. Mwanga ukapungua. Ndani ya shuka ile tulikuwa sisi watatu na mama.

Wakamteremsha. Nikampokea.

Alikuwa mwepesi sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, na wepesi ule ndio ulionimaliza. Nikamkumbatia kifuani, nikapinda magoti nigeukie mwanandani, na nilipopinda tu, tumbo likakaza lenyewe. Mkojo ukapita pembeni mwa mpira. Sikuuruhusu wala sikuweza kuuzuia. Ulishuka mapajani, ukalowesha kanzu mbele, ukaingia kwenye viatu. Ulikuwa wa moto, na harufu yake ikapanda, na pale kaburini hapakuwa na pa kwenda harufu.

Mwadhini alitazama chini, kisha akatazama pembeni. Muuza nyama hakutazama.

"Panda juu, kaka," mwadhini akasema polepole. "Tuachie sisi."

"Bado sijamlaza."

"Najua."

Kumlaza mtu kwenye mwanandani ni lazima upige magoti, umwegemee, umsukume taratibu kwa mwili wako wote mpaka aelekee kibla. Nilitazama sanda yake. Ilikuwa nyeupe, imenyooshwa, kila pindo mahali pake, kazi ya mdogo wangu na wanawake wenzake. Kati ya sanda na kanzu yangu pale kiunoni hapakuwa hata na upana wa kiganja, na mkojo ulikuwa bado unatoka. Kama ningemlaza mimi ningemlowesha. Nilisimama nimemshika mama na nikajua kwamba haiwezekani. Nikamwinua juu zaidi kifuani, nikageuka nikamkabidhi yule muuza nyama. Alimpokea kwa mikono miwili mikubwa. Nilimwona akimvuta karibu yake, kichwa cha mama kikaegemea bega lake.

Nikapanda juu. Walionivuta waliona kanzu imejaa tope na maji, na manyunyu yalikuwa yananyesha, hivyo hawakuona kitu. Waliona mtu asiyeweza kusimama. Nikasikia mmoja akisema nyuma yangu, "Amemlilia mamaye hadi miguu imekwisha nguvu." Wakanipisha njia kwa huruma nyingi. Nikaenda nyuma ya vichaka, nikashika mti, nikachomoa kile kizibo.

Na mwili wangu ukaona raha. Nimejaribu kulisema hili kwa njia nyingine nimeshindwa. Walikuwa wanatupia udongo wa kwanza, nausikia unavyodondoka, na mimi nilikuwa nimefumbua mdomo kwa raha ya kukojoa, raha ambayo sikuwahi kuijua hata ujanani. Nililia kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote siku ile. Mama yangu sikumtupia udongo.

Jioni, wageni wa mbali wameshaondoka, mdogo wangu aliniita chumbani kwa mama. Wanawake hawakwenda makaburini, kwa hiyo alikuwa ananingoja mimi nimweleze. Alikuwa amekaa chini anakunja kanga za mama, nami nilikuwa nimeshaoga na kurudisha mfuko mguuni.

"Ulimlaza wewe?" akauliza.

Nikatamani kusema ndiyo. Lakini mwadhini anajua na muuza nyama anajua, na mji ni mdogo. "Nilimpokea," nikasema. "Kumlaza wamemlaza wengine." Nikamweleza yote, mpira, kizibo, kanzu. Hakushtuka. Aliendelea kukunja.

"Mpira naujua," akasema. "Mama aliniambia."

"Sijamtimizia jambo moja aliloniomba. Nimempa mikono ya watu."

Akaweka kanga chini.

"Kaka, mama alikuwa hajiwezi tangu Ramadhani. Mkojo, choo, vyote palepale kitandani. Na mimi mgongo wangu unaujua."

"Mbona hukuniambia? Kila siku nilikuwa nampigia simu."

"Alinikataza. Alisema ukijua utapanda gari kila wiki, na huko njiani hunywi maji."

Nikakaa kwenye kitanda chake. Godoro lilikuwa limetolewa nje kuanikwa, nikakaa kwenye mbao. Nikamuuliza alikuwa anamnyanyuaje peke yake mpaka bafuni.

"Sikuwa peke yangu," akasema. "Nilikuwa namwita yule muuza nyama. Kila asubuhi kabla hajaenda buchani alipita akambeba, akamrudisha. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwita. Nilikuwa namfunika mama kwa kanga mbili, lakini kubebwa ni kubebwa."

"Na yeye mama alisema nini?"

"Siku ya kwanza alilia kutwa. Baadaye akazoea, akimsikia tu yule bwana anabisha hodi, alikuwa anafumba macho mpaka amalize."

Nikamwomba mdogo wangu asiendelee. Kufumba macho huko nakujua. Kila mwezi kule hospitali, muuguzi anapofunua shuka, ndivyo ninavyofanya.